Gazeti ni la kusomwa, si la kufungia chakula

Gazeti hili unalolisoma sasa, msomaji, lina maisha mawili. Maisha ya kwanza ni haya ya habari, michezo na afya, nayo humalizika kabla ya jua kutua. Maisha ya pili huanza linapouzwa kwa kilo kwa mwenye kibanda, likakatwa vipande na kufungiwa mandazi, viazi karai, samaki wa kukaanga, njugu au nusu kilo ya nyama. Maisha ya kwanza nayaunga mkono kwa moyo wote. Hayo ya pili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Fanya jaribio dogo kabla hujaendelea. Pitisha kidole gumba juu ya picha iliyo kwenye ukurasa wa mbele, mara tatu au nne, kisha kitazame. Weusi unaouona ni wino. Wino wa kawaida wa gazeti haukauki kama rangi ya ukuta inavyokauka. Huzama ndani ya karatasi na kutulia humo. Hutengenezwa kwa masizi laini na rangi zilizochanganywa katika mafuta, na kwa miaka mingi mafuta hayo yamekuwa yale yatokanayo na mafuta ghafi, yaani jamaa ya dizeli na oili ya injini. Ikiwa kidole kikavu kinaweza kuung'oa wino huo, je, andazi lililotoka karaini likiwa bado linachuruzika mafuta litaufanya nini?

Plastiki iliondoka, swali likabaki

Wakenya tuna haki ya kujivunia jambo moja. Mnamo Februari 28, 2017, serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kuanzia Agosti 28 mwaka huo marufuku ikaanza kutekelezwa. Adhabu yake ni kali: faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha hadi miaka 4. Rwanda ilikuwa imetutangulia tangu mwaka 2008, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019.

Katika vita hivyo swali lilikuwa moja: mfuko huu utaishia wapi? Utaziba mtaro, utamezwa na ng'ombe au utaelea baharini? Lilikuwa swali zuri. Lakini kuna swali la pili, ambalo kwa daktari ndilo la kwanza, na hilo halikuulizwa kwa sauti: kifungio hiki kitaacha nini ndani ya chakula? Desturi ya kufungia chakula kwa gazeti ni kongwe kuliko marufuku ya 2017, lakini marufuku iliipa heshima mpya. Karatasi yoyote ikaonekana kuwa safi kwa sababu tu huoza. Karatasi ya mtihani, risiti za duka, barua za ofisi, mfuko wa saruji uliokung'utwa, zote zikahesabiwa kuwa rafiki wa mazingira.

Rafiki wa mazingira si lazima awe rafiki wa ini lako.

Ni nini kinachohama?

Chakula na kifungio chake hubadilishana vitu. Mabadilishano hayo huharakishwa na mambo manne: joto, mafuta, uchachu na muda. Ndizi mbivu iliyo ndani ya ganda lake haina neno hata ukiizungushia gazeti. Lakini mafuta ya kukaangia chipsi hufika nyuzi 170 hadi 180, na chipsi zikitolewa humo na kumiminwa juu ya karatasi yenye wino, joto na mafuta vinakuwa vimekutana mahali pamoja. Ukizibeba hadi nyumbani kwa matatu katika msongamano wa jioni, umeongeza na muda.

Wala si lazima wino uguse chakula. Mwaka 2010 watafiti Biedermann na Grob wa Zurich, Uswisi, walichunguza iwapo magazeti makuukuu yanafaa kutengenezewa pakiti za chakula. Walionyesha kwamba mafuta ya wino hubaki katika karatasi iliyotengenezwa upya, na kwamba yanaweza kugeuka mvuke na kuingia katika chakula kikavu kilichomo ndani ya boksi, kama vile mchele au unga.

Mafuta hayo yana makundi mawili. La kwanza hujikusanya mwilini, hasa katika ini na tezi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ililieleza kwa wasiwasi mwaka 2012, lakini ilipolipima upya mwaka 2023 ilisema kwamba kwa kiasi wanacholishwa watu wa huko, kundi hilo halionekani kuwa tishio. Kundi la pili ndilo la kuogopwa. Baadhi ya kemikali zake zinaweza kuharibu chembechembe za urithi na kusababisha saratani, na juu ya hizo mamlaka hiyo haikulegeza msimamo.

Hata wino uliopigwa upande wa nje unaweza kuvuka. Mwishoni mwa 2005, serikali ya Italia ilikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto baada ya kemikali ya wino iitwayo ITX kupatikana ndani yake. Ilivukaje? Karatasi ya pakiti ilipoviringishwa kiwandani, upande wa nje wa zamu moja ulilalia upande wa ndani wa zamu nyingine, na wino ukaacha alama yake. Wataalamu walisema kiasi kile hakikuwa cha kudhuru. Hata hivyo, kama hayo hutokea katika viwanda vyenye maabara, tusijidanganye kwamba gazeti la jana lililolala sakafuni sokoni ni salama.

Gundi nayo imesahaulika

Tukizungumza juu ya kifungio, wengi hufikiria karatasi na wino tu. Mfuko hushikana kwa gundi, na gundi hizo si za aina moja. Mifuko mingi ya karatasi hushikanishwa kwa gundi ya wanga au gundi nyeupe ya maji. Zikitengenezwa kwa ajili ya chakula, hizo hazina matata makubwa. Vipakiti laini vya tabaka mbili au tatu, vile vya kung'aa vya krisps na biskuti, mara nyingi hushikanishwa kwa gundi ya poliyurethani. Gundi hii huhitaji siku kadhaa ili iive kabisa. Kiwanda kikiwa na haraka, mabaki yake yanaweza kukutana na unyevu na kuzaa kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi yake zinashukiwa kuleta saratani. Ulaya hairuhusu zionekane kwenye chakula hata kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo.

Baada ya 2017 vijana wengi mijini walianza kutengeneza mifuko ya karatasi kwa mikono. Ni kazi halali na ya kusifiwa. Ombi langu kwao ni moja: mfuko utakaobeba chakula usishikanishwe kwa gundi ya viatu wala ya mbao yenye harufu kali. Harufu ile ni ya vimumunyishi kama toluini, ambavyo hulevya na kuumiza ubongo, na anayevivuta kwanza ni mtengenezaji mwenyewe. Uji mzito wa unga wa ngano uliopikwa vizuri hushika karatasi barabara, mradi mifuko ikaushwe na kuwekwa mahali pasipo unyevu wala panya. Pini za stepla nazo ziachwe kwa ofisi. Pini iliyomezwa pamoja na njugu si jambo la mzaha, hasa kwa mtoto.

Karatasi isiyopenyeza mafuta pia ina siri yake. Nyingine hupakwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki upesi mwilini wala ardhini. Zimehusishwa na kupanda kwa kolesteroli na kupungua kwa nguvu ya chanjo kwa watoto. Denmark ilizikataza katika karatasi za chakula mwaka 2020, na Februari 2024 Marekani ilitangaza kwamba haziuzwi tena huko kwa kazi hiyo. Bidhaa ikifungiwa mlango mahali pamoja hutafuta mlango mwingine. Tuhakikishe mlango huo si bandari yetu.

Si vita dhidi ya mama mandazi

Hapa najua utaniuliza: daktari, kwani kuna mtu aliyekufa kwa kula mandazi ya kwenye gazeti? Swali lako ni la haki. Andazi moja halitakuua. Hakuna mgonjwa anayekuja kwangu akisema, "Nina ugonjwa wa wino." Wanaokuja wanaharisha, na wengi wao wameugua kwa sababu ya maji machafu, mikono isiyonawiwa na chakula kilichochacha. Gazeti lililopita mikono kumi na kulala sakafuni huongeza hata hayo, kwani hubeba vijidudu sawasawa na mikono iliyolishika. Lakini madhara ya kemikali hayafanani na ya vijidudu. Huja kidogo kidogo, kila asubuhi, kwa miaka ishirini, na yakifika hayasemi yalikotoka. Aliye hatarini zaidi ni mtoto, kwa sababu mwili wake ni mdogo, kiasi kile kile kwake ni kikubwa, na miaka yake ya kula bado ni mingi.

Wengine watasema basi askari wa kaunti waitwe wakamwage karai. Nakataa kabisa. Mama huyo hununua magazeti makuukuu kwa sababu ndiyo bei anayoimudu, na sisi hununua mandazi yake kwa sababu hiyo hiyo. Ukimpokonya gazeti bila kumpa kitu kingine, atarudia plastiki kwa siri, na ugali wa moto ndani ya plastiki laini isiyojulikana ilikotoka si nafuu. Sheria iifuate karatasi kule inakotengenezwa na kuuzwa kwa jumla, si kumfuata mwanamke aliyeinama juu ya jiko.

Sheria yenyewe si kwamba haipo. Sura ya 254 ya sheria zetu inakataza kuuza chakula chenye kitu cha sumu au cha kudhuru, ndani yake au juu yake. Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na kuzikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauza chakula. India, ambako desturi hii imeenea mitaani kama kwetu, ilikataza waziwazi kufungia chakula kwa magazeti katika kanuni zake za mwaka 2018. Kwetu neno hilo linastahili kuandikwa wazi namna hiyo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) na Wizara ya Afya waweke alama moja, rahisi na inayojulikana na kila mtu, kwenye karatasi na mifuko iliyopimwa kwa ajili ya chakula: karatasi, wino na gundi vyote pamoja. Ulaya ina picha ya bilauri na uma. Sisi tunaweza kuchagua sufuria. Pili, karatasi nyeupe au ya kaki isiyo na maandishi, yenye alama hiyo, ipunguziwe ushuru ili iuzwe sokoni kwa bei inayoshindana na gazeti. Tatu, kaunti zitoe muda na mafunzo kwanza, kisha ndipo ziweke sharti hilo katika leseni.

Wewe ufanye nini?

Usingoje serikali. Ukienda kununua chakula cha moto, beba bakuli lako lenye kifuniko, la chuma au la udongo uliong'arishwa. Muuzaji hatakasirika, umemwokolea karatasi. Nyama ibebe kwenye chombo chako pia, au uombe karatasi isiyo na maandishi. Ukiwa huna chombo, omba mandazi yaachwe yachuje mafuta na kupoa kidogo kabla ya kufungwa. Usifunike sufuria ya wali au githeri kwa plastiki. Kifuniko chake kipo. Usiweke chakula wala maji katika ndoo iliyokuwa na rangi au dawa ya mimea, hata ukiisugua mara saba. Jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa motoni ni kifungio cha zamani, na halihitaji gundi wala wino.

Na gazeti hili, ukishalisoma, mpe jirani naye alisome. Akimaliza, lipanguzie kioo, liwashie jiko au ulitie ndani ya viatu vilivyolowa mvua.