Tisa za Paul Shuey

Nafundisha hesabu sekondari, na wanafunzi wangu wanajua kwamba takwimu ninayopenda kuwachambulia haitoki kwenye soka. Inatoka kwenye besiboli: Texas Rangers 30, Baltimore Orioles 3, Agosti 22, 2007, uwanja wa Camden Yards, Baltimore.

Tangu Chicago walipowachapa Louisville 36-7 mwaka 1897, hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyokuwa imefikisha pointi 30 katika mchezo mmoja. Na Orioles ndio waliotangulia, 3-0! Rangers walipata pointi katika vipindi vinne tu kati ya tisa: tano, tisa, kumi, kisha sita. Jarrod Saltalamacchia na Ramón Vázquez walipangwa wa nane na wa tisa kwenye safu ya wapigaji, mkiani kabisa. Kila mmoja aliupiga mpira ukavuka uzio mara mbili na kuiletea timu pointi saba.

Hayo yameshasifiwa vya kutosha. Mimi nataka tuwatazame warushaji wa Orioles. Daniel Cabrera aliruhusu pointi sita, Brian Burres nane, Rob Bell saba, Paul Shuey tisa. Jumlisha: 30. Burres hakumaliza hata kipindi kimoja. Shuey, aliyerudi uwanjani msimu ule baada ya matatizo makubwa ya nyonga, aliitwa katika kipindi cha nane, mchezo ukiwa umeshapotea, akaachwa humo hadi mwisho.

Kwa nini kocha asimtoe? Kwa sababu timu hizo zilikuwa na mchezo mwingine siku hiyo hiyo, mara baada ya huo. Kila mrushaji ambaye angeitwa kumpokea Shuey angepungua kwenye mchezo wa pili. Mtu mmoja alipaswa kubeba kipigo ili mikono ya wenzake ipumzike, naye akakibeba. Kumbukumbu rasmi inasema tu: vipindi viwili, pointi tisa. Anayeisoma bila kujua siku ile ilivyokuwa atamwona mzembe, na hiyo ni dhuluma.

Upande wa pili, Wes Littleton wa Rangers aliingia kipindi cha saba timu yake ikiongoza 14-3, akarusha vizuri hadi mwisho, akaandikiwa kwamba ameuokoa mchezo. Simlaumu hata kidogo. Kanuni inampa sifa hiyo mrushaji wa akiba anayemalizia ushindi kwa kurusha vipindi vitatu au zaidi vizuri, hata pengo liwe kubwa kiasi gani. Ila tazama alichoandikiwa yeye, kisha tazama alichoandikiwa Shuey, uniambie ni nani kati yao aliyeitumikia timu katika saa ngumu.

Siku hizi timu iliyo nyuma kwa pointi nane au zaidi inaruhusiwa kumpa mpira mchezaji ambaye si mrushaji, na makocha wengi hufanya hivyo. Hiyo imewapunguzia mateso akina Shuey, lakini takwimu zao bado zinasomwa vilevile. Ninachodai ni safu moja zaidi kwenye karatasi ya mchezo: matokeo yalivyosomeka wakati kila mrushaji anaingia. Waandishi wa takwimu wanazo taarifa hizo tayari. Waziweke pale pale, kando ya jina la mtu, kabla ya kutuhesabia pointi alizoruhusu.