Kasi ya mwanga: kwa saa ya nani?

Haya jamani, leo naacha programu kando, nataka kugombana.

Mdogo wangu aliuliza darasani kama mvutano unaweza kubadilisha kasi ya mwanga. Akajibiwa haibadiliki, kaa chini, wacha ujuaji. Jibu hilo ni nusu ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo tamu.

Mwaka 1911 Einstein mwenyewe aliandika kwamba kasi hiyo inategemea mvutano wa mahali. Wapinzani wake huishika hoja hii kwa furaha: eti alijipinga, maana mwaka 1905 alisema haibadiliki! Wanasahau kwamba nadharia ya 1905 haikugusa mvutano kabisa. Hesabu ya 1911 ya kupinda kwa mwanga karibu na Jua ilitoa nusu tu ya jibu sahihi. Aliirekebisha mwaka 1915, alipoingiza kupinda kwa nafasi yenyewe.

Halafu kuna vipimo. Mwaka 1964 Irwin Shapiro alipendekeza mawimbi ya rada yarushwe kwenye Zebaki na Zuhura, yapite karibu na Jua kwenda na kurudi. Alitabiri yatachelewa takriban mikrosekunde 200. Yakachelewa kweli. Matokeo ya chombo cha Cassini, yaliyotolewa mwaka 2003, yalikubaliana na nadharia hiyo hadi sehemu mbili hivi kwa laki moja.

Je, mwanga ulipunguza mwendo? Kwa saa iliyo huku Duniani, ndiyo, unaweza kusema hivyo. Lakini mtu aliye pale pale karibu na Jua, akitumia saa na rula yake, atapata 299,792,458 m/s kama kawaida.

Nimewahi kukesha nikilaumu mtandao kwa kuchelewa, kumbe saa za seva mbili hazikulingana. Tofauti ni kwamba seva yangu moja ilikosea. Kwenye mvutano saa zote mbili ziko sawa! Uliza setilaiti za GPS: saa zake zingetangulia zetu mikrosekunde 38 kila siku zisiporekebishwa, muda ambao mwanga hukata zaidi ya kilomita 11.

Kwa hiyo mwalimu, ungeuliza tu: "kwa saa ya nani?" Ingechukua dakika moja. Na wewe mdogo wangu, Jumatatu inua mkono tena.