Mashine Haiui Figo Mpya

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anadai kwamba kusafisha damu kwa mashine kunaharibu nafasi ya kupandikizwa figo, hivyo wagonjwa wote wa Singida wahamishiwe usafishaji wa tumboni, yaani kwa maji maalumu yanayoingizwa tumboni na kutolewa. Simkubalii, maana hofu ya namna hii humfanya mtu akimbie matibabu yanayomweka hai.

Ni kweli, tafiti nyingi zinaonyesha figo mpya huanza kazi mapema zaidi kwa waliosafishwa tumboni. Lakini miaka ikipita tofauti hupungua sana, na waliolinganishwa hawakupangwa kwa kura: wanaochagua tumbo mara nyingi ni vijana wenye afya nafuu.

Na hilo tumbo lenyewe? Mifuko ya maji hayo ya lita 2, takriban mara nne kwa siku, kila siku, na mikono iliyooshwa kila mrija unapofunguliwa. Anayechota maji kisimani kule Mkalama, Singida, ataweka wapi maboksi ya mifuko ya mwezi mzima? Uzembe kidogo tu, utando wa tumbo unaweza kushika maambukizi.

Kinachoumiza zaidi ni kuchelewa kupandikizwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo jirani Dodoma, inapandikiza figo tangu 2018. Mgonjwa anayesubiri atayarishiwe mapema mshipa wa mkono wa kuunganishia mashine, asikae miezi na mrija shingoni. Asiongezewe damu pasipo ulazima, kwani mwili hujenga kingamwili zinazoweza kuikataa figo ya ndugu yake. Na ndugu wenyewe waanze kupimwa sasa, kabla figo hazijazimika kabisa.