Kifungu cha 217 na Jeraha Linalofichwa

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, nyumba nyingi za Newala na Masasi hulala chumba kimoja na viuatilifu. Katika baadhi ya nyumba hizo yumo kijana anayesikia sauti asizozisikia mwingine. Zinamtukana, zinamwamuru ajidhuru. Ugonjwa huo ni skizofrenia. Mtaani huitwa ukichaa, na wazee husema karogwa, apelekwe kwa fundi.

Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa wagonjwa wa skizofrenia 5 hivi katika kila 100 hufa kwa kujiua. Wanaojiumiza wakabaki hai ni wengi zaidi. Hatari hupanda miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na hupanda tena mara mgonjwa anapotoka hospitali, wakati ambapo ndugu wameshaanza kushukuru. Sauti zimepungua, fahamu zimerudi, na sasa anaiona shule aliyoiacha na rafiki waliomkimbia. Uchungu unamkuta akiwa na akili timamu. Hili naliona ndilo tunalolielewa kidogo kuliko yote.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa. Wanaokitetea huamini kinatisha, na hofu huokoa. Lakini anayeamriwa na sauti hakumbuki kifungu. Anayekikumbuka ni mama yake: anafunga jeraha kwa kanga na kusema mtoto kaanguka mkoroshoni, maana anaogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Jeraha likishonwa, ugonjwa unarudi nao nyumbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kinachofanana na chetu, kinakiuka Katiba. Chetu nacho kifutwe.

Kukifuta peke yake hakutaleta dawa, nakubali. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927, na nauli ya kwenda huko inamlemea mkulima mdogo. Sindano ya kila mwezi ya kutuliza ugonjwa huu ipatikane katika hospitali za Mkomaindo, Ndanda na Newala, hata zahanati za vijijini. Viuatilifu vitunzwe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, chini ya kufuli, vitoke siku ya kupulizia tu.

Na muuguzi asiogope kuuliza. Kuuliza hakumpi mgonjwa wazo la kujiua. Avute kiti, aseme: “Njomba, sauti zinakuambia nini siku hizi?”