Nusu karne ya Taasisi, na fungu la ngumbaru

Mwaka 2025 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitimiza miaka 50 tangu ilipoundwa rasmi kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1975. Tunaipongeza kwa moyo mkunjufu. Mashirika mengi ya umma yaliyozaliwa miaka ile yalishakufa, mengine yameuzwa, mengine yamebaki majina kwenye mafaili. Taasisi hii ipo, inafundisha, na kila mwaka watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kurudi darasani wanaipata njia hiyo kwake. Kwa hiyo sherehe hizi ni zake kwa haki.

Lakini jubilei ya chombo cha umma ni wakati pia wa kuwaulizia wale kilichoundwa kwa ajili yao. Hawa ni mama aliyeozwa akiwa darasa la nne, mvuvi anayesaini mkataba wa mkopo kwa dole gumba, kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuweza kusoma barua ya kijiji. Wanapata nini katika fedha ambazo taifa linatenga kila mwaka kwa ajili ya elimu? Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo.

Taasisi ni kongwe kuliko sheria yake. Ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, kisha ikawa chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ikiwafundisha jioni wafanyakazi wa mjini waliotaka kujiendeleza. Kilichoibadilisha kutoka kuwa huduma ya watu wachache wa mjini hadi kuwa nguzo ya taifa zima ulikuwa uamuzi wa kisiasa. Mwaka 1964, akiwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watoto walio shuleni wangechukua miaka mingi kabla ya kuugusa uchumi, ilhali watu wazima wangeweza kuubadilisha palepale. Kwa nchi maskini yenye shilingi chache, huo ulikuwa mpango wa matumizi hasa: watoto wasisahauliwe, na wazazi wao wasiwekwe kando kusubiri zamu isiyofika.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970 aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya chache, zikiwemo Ukerewe na Mafia, zilipewa lengo la kufuta ujinga kabla Uhuru haujatimiza miaka kumi. Wizara ya Elimu ikawa na kurugenzi ya elimu ya watu wazima, mikoa na wilaya zikapata maofisa wake, na kila shule ya msingi ikatakiwa kuwa kituo: asubuhi watoto, jioni wazazi wao kwenye madawati yaleyale, magoti yakigonga mbao. Kule Kanda ya Ziwa, mradi wa majaribio wa Mwanza uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeshaonyesha kwamba mkulima wa pamba hujifunza kusoma haraka zaidi kwa kitabu kinachozungumzia pamba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Hicho ndicho kikaitwa kisomo chenye manufaa.

Kisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Inafaa tuitazame kwa karibu, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu vijana wameisikia kwa jina tu. Ilidumu wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa, na watu takriban milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni 15. Kikundi kilikusanyika kuzunguka redio moja, chini ya mwembe au kwenye ofisi ya TANU, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Redio ikizimwa, kiongozi alifungua kijitabu na kusoma sura ya juma hilo kwa sauti, taratibu, kwa sababu wengine hawakuwa wamemaliza kujifunza herufi: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Halafu watu waliulizana. Je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Sisi tutafanya nini? Hapo ndipo majibu yalipogeuka kazi za mikono. Kikundi kiliamua kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa, na kabla ya yote kuchimba vyoo. Vilichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu.

Waliotayarisha vijitabu hivyo, waliofunza viongozi wa viongozi hadi vijijini na waliopima matokeo baadaye ni watumishi wa Taasisi hii. Walifanya kazi hiyo hata kabla Bunge halijaipa mamlaka kamili. Sheria ya mwaka 1975 ilirasimisha heshima iliyokwisha kupatikana kwa jasho, na mwaka huohuo ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Takwimu zinasema kilichopatikana. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima takriban 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa kwanza wa kitaifa wa kisomo, uliofanyika Agosti 1975, ulikaliwa na watu zaidi ya milioni tatu, wengi wao wakishika kalamu ya mtihani kwa mara ya kwanza maishani. Baada yake kiwango cha ujinga kilikadiriwa kuwa asilimia 39. Mwaka 1977 kilikuwa asilimia 27. Mwaka 1986 kilikuwa kimefika karibu asilimia 10. Wajumbe kutoka pande zote za dunia walikuwa wameshakuja Dar es Salaam mwaka 1976, kwenye mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima, kutafuta siri ya nchi hii.

Siri haikuwa kubwa. Serikali iliamua, ikatenga fedha, na ikaendelea kuzitenga mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa kujitolea, mara nyingi kijana aliyemaliza darasa la saba, alipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Zilikuwa kidogo, lakini zilikuwa na kifungu chake kwenye bajeti. Sweden ilisaidia fedha na karatasi. Mafuta ya taa ya karabai yalikuwa na mtu wa kuyaulizia. Tunakumbusha haya kwa sababu siku hizi watu wanapoisimulia enzi ile husimulia ari na nyimbo, wakasahau fedha. Ari ilikuwepo kweli, lakini haingejaza karabai mafuta.

Ushahidi ni kilichotokea fedha zilipokauka. Vita vya Kagera, bei za mafuta, madeni, na baadaye masharti ya marekebisho ya uchumi viliibana bajeti ya elimu yote. Wa kwanza kubanwa alikuwa ngumbaru, kwa kuwa hana sare, hana kamati ya wazazi, na akiacha kuja hakuna anayemfuata nyumbani. Posho zilichelewa, halafu zikakoma. Vitabu vya kujiendeleza havikuchapishwa tena, na mtu aliyefaulu mtihani wa kisomo akakosa cha kusoma hadi herufi zikamtoka. Katika miaka ya 1990 mafanikio ya miaka 15 yalianza kuyeyuka mbele ya macho ya walioyajenga. Hapo Taasisi ilistahili pongezi ambazo haikuzipata: iliendelea kufunza walimu, ikaendeleza elimu kwa njia ya posta na masomo ya jioni, ikakataa kufa.

Tangu hapo nchi imepiga hatua kubwa kwa watoto. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne katika shule za umma, na mwaka 2022 ikaongezwa hadi kidato cha sita. Serikali hupeleka shuleni ruzuku kwa kila mwanafunzi, na imefuta ada ya mtihani kwa wanaosoma shule zake. Tunaunga mkono kila shilingi ya sera hiyo na tungependa iongezwe.

Ila tazama anayesimama nje ya mlango wake. Mwanamke wa miaka 30 anayeuza mboga sokoni mchana na kusoma jioni ili afanye mtihani wa maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne, anasoma mtaala wa taifa lilelile na kujibu maswali ya baraza lilelile la mitihani. Yeye anaitwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kweli anajitegemea: masomo analipia mwenyewe, na ada ya mtihani analipia mwenyewe. Ruzuku inayohesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi aliye shuleni haimhesabu. Huyu ndiye aliyekosa shule katika miaka ambayo wazazi walilazimika kuchangia na hawakuwa na cha kuchangia. Taifa lilimkosesha mara ya kwanza kwa umaskini wa nyumbani kwao. Kumtoza leo ni kumkosesha mara ya pili. Ibara ya 11 ya Katiba inatambua haki ya mtu kujielimisha na inaitaka serikali ijitahidi kuwapa wote fursa sawa. Haikuweka kikomo cha umri.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi, na mtoto atangulie. Tunaujua uzito wa hoja hiyo; madarasa yenye watoto zaidi ya 100 yapo na ni aibu yetu sote. Hata hivyo mtoto na mzazi hawagombanii shilingi kama inavyodhaniwa. Mama anayejua kusoma ndiye anayefungua daftari la mwanawe jioni na kugundua kwamba mwaka mzima hajaandika kitu. Na tafiti za Uwezo zinazopima usomaji wa watoto, tangu zilipoanza, zimeonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao watakua. Watahitaji mlango wa pili, na mlango huo ni Taasisi hii na vituo vyake.

Mfano wa kinachowezekana tunao. Baada ya serikali kuruhusu mwaka 2021 wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni, Taasisi ilipewa kazi ya kuwafundisha wale ambao mfumo wa kawaida haukuwafaa, chini ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari (SEQUIP) unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wanasoma bila ada. Masomo ya kidato cha kwanza na cha pili yanafanywa mwaka mmoja, ya tatu na ya nne mwaka mwingine. Msichana huingia darasani na mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa khanga. Mtoto akilia, mama anasimama nyuma ya darasa, anambembeleza huku macho yakiwa ubaoni, kalamu ikiwa sikioni, na somo linaendelea. Wapo waliofaulu na kuendelea kidato cha tano. Waliwezeshwa na mambo mawili: Taasisi inayojua kufundisha watu wenye majukumu, na fedha zilizotangulia kufika.

Mradi, hata hivyo, una tarehe ya kufungwa. Zawadi ya jubilei tunayoiomba kwa Serikali na Bunge ni kuyahamisha masomo haya kutoka kwenye fedha za mkopo na kuyapa kifungu cha kudumu katika bajeti ya Wizara, kisha kukipanua kimfikie na muuza mboga na mvuvi, wa kike na wa kiume. Ada ya mtihani wa maarifa na ya mtihani wa kidato cha nne kwa anayesoma katika kituo cha umma ifutwe kama ilivyofutwa kwa mwanafunzi wa shule. Posho ya mwalimu wa kisomo irudi, ilipwe kwa mwezi na kwa wakati. Na ruzuku imhesabu mtu aliyeandikishwa kituoni, awe na miaka 17 au 60. Bajeti husomwa Juni. Makadirio ya Wizara yatakapofika mbele ya kamati ya Bunge, wabunge wakiulize kifungu hicho kwa jina lake, na wasiyapitishe hadi waonyeshwe kilipo.