Makala, moto na mvua yetu

Kila mwezi wa tisa, mvua ikiwa bado mbali, miti ya miombo kandokando ya barabara ya Likasi inachipua majani mekundu. Inatumia maji yaliyobaki chini kabisa ya udongo, na majani hayo yanayatoa hewani wakati anga la Katanga limekauka. Tumezoea kusema mvua inakuza pori. Ni nusu ya habari: sehemu ya mvua ya bonde la Kongo ni maji yaliyorudishwa angani na miti yenyewe.

Ndiyo maana gunia la makala linatuhusu. Lubumbashi inapika kwa makala, na umeme ukikatika hata wenye jiko la umeme wanarudi kwenye mbabula. Pori lililokatwa linatoa hewa ya ukaa, na udongo ulioachwa wazi unapata joto. Joto likizidi, nyasi zinawaka upesi, na moto wa mwisho wa kiangazi unaua machipukizi. Mwaka 2024 Zambia, ambako unga mwingi wa bukari yetu hutoka, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Hatusemi makala yaliuleta. Chanzo kikubwa kilikuwa El Niño. Lakini nchi isiyo na miti inaumia zaidi ukame unapofika.

Parokia zetu zinajibu kwa kupanda miti. Vizuri, ingawa mara nyingi ni mikalitusi kumi uani, picha, halafu mbuzi. Miombo haihitaji sana kupandwa: kisiki chake kinachipua chenyewe, moto ukikiachia. Ng'ambo ya mpaka, Ndola, tangu miaka ya 1930 wataalamu wa misitu walilinganisha viwanja vya pori. Kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilielekea kuwa nyasi. Kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kilibaki na miti yake. Kisichochomwa kabisa kilifunga na kuwa msitu mnene.

Parokia zenye mashamba nje ya mji zinaweza kuanza hapo: kuchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, kusafisha njia ya kuzuia moto, kuacha visiki. Shida ni kwamba kisiki kinahitaji miaka mingi, na mama anayeuza makala kwa vifungu sokoni anahitaji kula leo jioni. Naye ni mshirika wetu. Sadaka yake ya Jumapili inatoka kwenye gunia lile lile. Kabla ya kuhubiri juu ya makala, tungependa kukaa naye, pamoja na wachomaji na chifu wa kijiji, tumuulize atauza nini wakati visiki vinakua.