Una vocha ya nyumba Marekani? Saa inahesabu, omba siku zaidi mapema

Hebu tuseme umengoja msaada wa kodi ya nyumba miaka kadhaa. Siku moja barua inafika: jina lako limetoka! Unaruka kwa furaha. Kisha unasoma mstari wa chini: una siku 60 za kupata nyumba. Zikiisha bila nyumba, vocha inakufa na huenda ukarudi mkiani mwa foleni.

Hayo ndiyo maisha ya familia nyingi zenye kipato cha chini Marekani. Na usidhani ni habari za mbali. Kama una shangazi au binamu mwenye Green Card kule Minneapolis au Dallas, huenda yeye pia yuko kwenye foleni hiyo.

Mpango huo hujulikana kama Section 8. Serikali haikupi nyumba, inakupa vocha. Unasaka keja mwenyewe kwa landilodi wa kawaida, unalipa takriban asilimia 30 ya mapato yako, na shirika la nyumba la eneo hilo linajazia kilichobaki hadi kiwango fulani. Zaidi ya familia milioni mbili zinasaidiwa hivyo. Lakini kati ya familia nne zinazostahili kusaidiwa kodi, ni kama moja tu inayofikiwa.

Sasa, wewe uliyewahi kusaka keja Nairobi unajua miezi miwili huisha haraka. Kule ni vigumu zaidi. Kodi isizidi kiwango kilichowekwa, nyumba ikaguliwe, na landilodi akubali vocha. Wengi hukataa. Sheria ya kitaifa ya 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi au dini, lakini haisemi lolote kuhusu vocha. California inakataza landilodi kukataa mpangaji kwa sababu ya vocha. Texas, kinyume chake, ilipitisha sheria 2015 inayozuia miji yake kuweka marufuku kama hiyo. Vocha ni ile ile, bahati tofauti.

Ndiyo maana siku za ziada ni muhimu kama vocha yenyewe. Kuna njia tatu.

Kwanza, omba. Siku 60 ni kiwango cha chini tu, na kila shirika lina utaratibu wake wa kuongeza. Omba kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho, ukiambatisha orodha ya nyumba ulizojaribu: mahali, tarehe na jibu ulilopewa. Ukingoja hadi vocha ife, umechelewa.

Pili, ikiwa wewe au mtu wa familia yako ana ulemavu unaofanya usakaji uwe mgumu, shirika linawajibika kisheria kuwaongezea muda unaohitajika.

Tatu, ukishawasilisha ombi la kuidhinishiwa nyumba fulani, saa inasimama hadi ujibiwe kwa maandishi. Likikataliwa, siku zako zilizobaki bado ni zako.

Mashirika yana hoja yao: vocha iliyolala mfukoni mwako ingemsaidia mwingine. Ni kweli. Lakini huyo mwingine naye atakabidhiwa siku 60 zile zile na kugonga milango ile ile. Tena serikali yenyewe inajua muda huo ni mfupi. Ilipotoa vocha 70,000 za dharura mwaka wa 2021 wakati wa korona, ilitoa angalau siku 120 za kusaka. Kwa nini basi huyu wa kawaida apewe nusu?

Hapa Kenya tumechukua njia nyingine: mshahara unakatwa asilimia 1.5 ili nyumba zijengwe. Siku mwanasiasa akituahidi vocha za kodi, tumuulize maswali mawili: landilodi atalazimika kuipokea? Na tutapewa siku ngapi? Bila majibu, hiyo ni karatasi tu.

Kwa sasa, kama una jamaa huko, mpigie simu leo. Muulize vocha yake inaisha tarehe ngapi. Kama hajui, aitafute sasa hivi, kisha aandike ombi lake kabla jua halijatua.